Hotuba juu ya Tezi ya Shingo na Chumvi Tulayo



Habari nitakayoizungumza leo ni ya kitu kidogo sana, ambacho kila mmoja wetu anacho, na wengi wetu hatujapata kukifikiri hata siku moja. Si moyo, si ini, wala si mapafu. Ni tezi iliyo mbele ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi. Mimi si daktari. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kusoma yaliyoandikwa na kuyaeleza kwa wale yanaowahusu. Haya yanatuhusu sana sisi tukaao milimani, na zaidi yanawahusu watoto wetu ambao hawajazaliwa bado. Kwa hiyo naomba mnisikilize kwa uvumilivu.

Kwanza tujue tezi hii iko wapi. Mtu akiweka vidole mbele ya shingo yake atagusa kile kifundo kigumu kinachopanda na kushuka amezapo mate, ndicho kikoromeo. Chini yake kidogo, ikiwa imelikumbatia bomba la pumzi, ndipo ilipo tezi hii. Umbo lake ni kama kipepeo aliyetandaza mabawa: bawa moja kuume, bawa moja kushoto, na katikati daraja jembamba la kuyaunganisha. Kwa mtu mzima mwenye afya uzito wake ni yapata gramu 20 tu. Kwa kawaida haionekani kwa macho, na hii ndiyo sababu watu huisahau mpaka siku inapovimba.

Mwilini mna tezi za namna nyingi. Ziko tezi zenye mifereji, kama zile za mate na za jasho, ambazo kazi yake twaiona wenyewe. Tezi ya shingo haina mfereji. Kile inachokitengeneza hukitia katika damu, na damu hukichukua hata kila pembe ya mwili, tangu utosini mpaka unyayoni. Kitu hicho huitwa homoni, nasi twaweza kusema ya kuwa ni mjumbe, kwa maana huchukua amri na kuipeleka mbali.

Amri hiyo ni nini? Chakula tulacho ni kama kuni. Ndani ya mwili kuni hizo huchomwa polepole, bila moshi wala ndimi za moto, na katika kuchomwa huko ndimo tupatamo joto na nguvu za kwenda, kulima, na kufikiri. Sasa, kila mama hapa ajua ya kwamba moto wa jikoni wahitaji mtu wa kuuangalia. Kuni zikisukumwa ndani kupita kiasi chungu hufurika, na zikivutwa nje chakula hakiivi. Tezi ya shingo ndiyo mwangalizi wa moto huu wa mwili. Homoni yake huuambia moyo upige kwa kasi gani, huuambia mwili uwe na joto kiasi gani, na humsaidia mtoto akue mifupa yake na akili yake.

Tazama basi lile linalotokea mwangalizi akilegea. Mtu huona baridi hata wenzake wanapotoa jasho. Huchoka bila kufanya kazi. Uso huvimba kidogo, ngozi hukauka, nywele hupukutika, choo huwa kigumu, na mwili huongezeka uzito ingawa hali sana. Moyo hupiga polepole, na maneno humtoka pole pole pia. Nyumbani watu husema, "Amekuwa mvivu," au husema, "Ameingia uzee mapema," kumbe ni maradhi. Na mwangalizi akizidisha kuni, mambo hugeuka. Mtu hula sana na bado hukonda, moyo humwenda mbio hata amekaa kitako, mikono hutetemeka, usingizi humtoroka, jasho humtoka, na pengine macho humtoka nje kana kwamba amestuka. Huyu naye watu humdhania amelogwa. Wote wawili wahitaji hospitali, wala si kusengenywa.

Lakini tezi haifanyi kazi kwa kupenda kwake. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya mbaazi, ambayo ndiyo msimamizi wake. Msimamizi huyu huipima damu kila wakati. Akiona homoni imepungua, hutuma ujumbe wake mwenyewe kuiambia tezi ya shingo, "Ongeza kazi." Akiona imetosha, hunyamaza. Kwa njia hii mwili hukaa sawasawa, mchana na usiku, bila sisi kujua.

Sasa nifike kwenye jambo kubwa. Mhunzi hodari kuliko wote hawezi kufua jembe pasipo chuma. Hali kadhalika tezi ya shingo haiwezi kufanya homoni pasipo kitu kimoja kiitwacho iodini, ambacho katika nchi yetu watu wengi hukiita madini joto. Homoni yake kubwa, iitwayo thairoksini, ina chembe 4 za iodini ndani yake, na chembe hizo mwili hauwezi kuziumba. Lazima ziingie kwa njia ya chakula. Ikiwa iodini imekosekana, homoni hupungua. Msimamizi aliye chini ya ubongo huona upungufu na kupiga kelele, "Ongeza kazi, ongeza kazi." Tezi nayo hutii, hujitanua na kuongeza vyumba vyake vya kazi ili ikamate hata ile iodini chache ipitayo katika damu. Hujitanua mwaka hata mwaka, na huo uvimbe ndio tuuitao rovu.

Ndugu zangu, nimesikia mengi yakisemwa juu ya rovu. Wako wasemao ya kwamba huletwa na kubeba mizigo kichwani. Wako wasemao ni urithi wa ukoo fulani, kwa hiyo wasioe huko. Wengine husema ni jicho la mtu mbaya. Sitaki kuwacheka wasemao hivyo, kwa maana kila mtu hutafuta sababu ya kile akionacho. Lakini sababu iliyo kubwa katika nchi za milima ni hiyo niliyoitaja: mfua vyuma amekosa chuma.

Huenda mtu akauliza, "Hayo yamejulikanaje?" Yamejulikana kwa kazi ya watu wengi, na kwa muda mrefu. Mwaka 1811 Mfaransa mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akishughulika na majivu ya mwani wa baharini, akaona mvuke wa rangi ya zambarau ukipanda. Hiyo ndiyo iodini, ambayo mpaka siku ile mwanadamu alikuwa hajapata kuijua. Mwaka 1820 daktari wa Geneva, jina lake Jean-François Coindet, alianza kuwapa iodini wagonjwa wa rovu, na rovu za wengi zikapungua.

Baadaye, katika mji wa Bern, alikuwako daktari mpasuaji aliyeitwa Theodor Kocher. Mikono yake ilikuwa hodari katika kuondoa rovu. Mwaka 1883 aliwaeleza wenzake ya kuwa wale wagonjwa ambao tezi yao yote aliiondoa walipona kidonda, lakini baadaye walivimba uso, wakawa wazito wa mwendo na wa akili. Akajua ya kwamba kile alichokiondoa hakikuwa nyama ya bure. Tangu hapo akafanya bidii kuacha sehemu ya tezi mahali pake, na mwaka 1909 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Mwaka 1891 huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alichukua maji ya tezi za kondoo akamdunga mwanamke mmoja aliyekuwa dhaifu kwa kupungukiwa na homoni hiyo. Mwanamke yule alipata nafuu, akaishi miaka mingine 28, na kwa kumtunza zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 800. Mwaka 1895 Eugen Baumann, mtaalamu wa Kijerumani, alivumbua ya kuwa ndani ya tezi hii mna iodini. Na siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani aliipata homoni yenyewe, safi, peke yake. Leo hatuhitaji kondoo. Mgonjwa hupewa kidonge kidogo cha thairoksini cha kumeza kila siku.

Lakini kujua dawa si sawa na kuifikisha kwa watu. Nchi iliyotangulia kutuonyesha njia ni Uswisi, nayo ni nchi ya milima kama hii yetu. Zamani rovu zilikuwa nyingi mno huko, na katika vijiji vingi walizaliwa watoto dumavu, viziwi, wasioweza kusema wala kujifunza. Mwaka 1918 daktari Otto Bayard, katika kijiji cha mlimani kiitwacho Grächen, alichanganya iodini kidogo sana katika chumvi ya familia chache, akawaangalia. Rovu zikapungua, na wala hapakuwa na aliyedhurika. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuwauzia watu chumvi ya namna hiyo, kwa bidii ya daktari Hans Eggenberger, na majimbo mengine yakafuata. Katika muda usiokuwa mrefu watoto dumavu wakaacha kuzaliwa. Mwaka 1924 jimbo la Michigan huko Marekani likafanya vile vile.

Angalieni hekima ya jambo hili. Hawakuchagua maziwa, kwa maana si wote wanywao maziwa. Hawakuchagua nyama, kwa maana maskini hapati nyama kila siku. Walichagua chumvi, kwa sababu tajiri na maskini wote hula chumvi, kila siku, na kwa kipimo kilicho karibu sawasawa.

Sasa tujitazame sisi. Kwa nini iodini ipungue milimani? Iodini imo katika udongo, lakini huyeyuka upesi katika maji. Mvua zinyeshazo juu ya milima kwa maelfu ya miaka huikosha na kuipeleka mitoni, na mito huipeleka baharini. Mahindi, maharagwe na viazi vilivyomea katika udongo uliokoshwa huwa havina iodini ya kutosha, hata kama shamba ni la rutuba na mavuno ni mengi. Ng'ombe alaye majani yake naye huipungukiwa. Kwa hiyo mtu aweza kushiba kabisa na bado tezi yake ikawa na njaa.

Katika Tanzania jambo hili lilionekana wazi katika nyanda za juu za kusini, Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, na pia Kigoma na sehemu nyingine za milima. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa ya kuwa watu 2 katika kila 5 wa nchi nzima walikaa mahali penye upungufu wa iodini. Wilaya zilizoumia zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, ambavyo humkinga mtu kwa mwaka mmoja au zaidi. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, ikawekwa sheria ya kutia iodini katika chumvi. Wenzetu wa Kenya walitangulia, kwani kwao kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1970.

Liko pia jambo la muhogo, nami nalitaja kwa uangalifu nisije nikawatisha watu. Ndani ya Ziwa Kivu, katika Kongo, kiko kisiwa kiitwacho Idjwi. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Kibelgiji waliona jambo la ajabu huko. Watu wa kisiwa kizima walikuwa wakikosa iodini, lakini rovu zilikuwa nyingi mno upande wa kaskazini, na chache upande wa kusini-magharibi. Walipochunguza vyakula waliona ya kuwa watu wa kaskazini walikula muhogo zaidi. Muhogo una sumu ndani yake, na mwili uiondoapo sumu hiyo hutokea kitu kiizuiacho iodini kuingia katika tezi. Je, tuache muhogo? La. Muhogo umetuokoa katika njaa nyingi. Lakini tuuloweke na kuukausha vizuri kama wazee wetu walivyotufundisha, wala tusiharakishe, na tuhakikishe ya kuwa chumvi yetu ina iodini.

Na wenzetu wa pwani wasijione wamesalimika kwa kuwa wanakaa karibu na bahari. Mwanzoni mwa karne hii uchunguzi ulifanywa Zanzibar, na rovu zikakutwa kwa watoto wa shule wa Unguja, na kwa wale wa Pemba zaidi. Watu walikuwa wamedhani samaki na chumvi ya bahari vyatosha. Samaki wa baharini wana iodini, ni kweli. Lakini chumvi ianikwayo juani kutoka maji ya bahari hubaki na iodini kidogo mno, isiyoweza kumtosha mtu. Chumvi ni lazima itiwe iodini kwa mkono wa mwanadamu.

Sasa naomba mama zetu na waume zao wanisikilize zaidi, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Rovu twaiona, kwa hiyo twaifikiri kuwa ndiyo hasara yenyewe. La, rovu ni alama tu, kama moshi ulio alama ya moto. Hasara iliyo kubwa haionekani shingoni. Mtoto aliye tumboni, katika miezi yake ya kwanza, hana tezi iwezayo kufanya kazi. Homoni yote aitumiayo huipata kwa mama yake. Na miezi hiyo ndiyo ubongo wake unapojengwa. Mama akiwa na upungufu, fundi anajenga nyumba bila ya vifaa vya kutosha. Upungufu ukiwa mkubwa sana, mimba huweza kuharibika, au mtoto kufa tumboni, au akazaliwa kiziwi, dumavu, asiyeweza kusimama vizuri. Ukiwa mdogo, mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa. Hucheka, hutambaa, huenda shule. Lakini akili yake ni nzito kuliko vile ilivyokusudiwa. Mwalimu humwita mzembe, na baba humpiga kwa kushindwa hesabu. Mtoto hana kosa. Aliibiwa kabla hajazaliwa, na aliyemwibia ni ukosefu wa kitu ambacho bei yake ni senti chache.

Tena yaliyoharibika tumboni hayatengenezeki baadaye. Ukimpa mtoto wa miaka 7 iodini, utamsaidia kwa siku zake zijazo, lakini huwezi kuurudisha ubongo wake mwanzo ukaujenga upya. Shirika la Afya la Dunia husema ya kuwa katika visababishi vya kudhurika kwa ubongo ambavyo vyaweza kuzuiwa, upungufu wa iodini ndio mkubwa kupita vyote duniani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee; lakini ufa huu, ndugu zangu, ukikosa kuzibwa kwa wakati wake, hata ukuta haujengeki.

Na kipimo kinachotakiwa ni kidogo ajabu. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Mama mwenye mimba, au anyonyeshaye, ahitaji mikrogramu 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70, hayafiki gramu 4, wala hayajazi kijiko cha chai. Lakini haifai kuimeza yote siku moja, kwa maana mwili hauwezi kuiweka akiba ya maisha. Yatakiwa kidogo kidogo, kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Chumvi iliyotiwa iodini kwa kiasi cha miligramu 30 katika kila kilo moja hutoa mikrogramu 150 katika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Basi hakuna sababu ya kuongeza chumvi katika chakula ili kupata iodini nyingi. Chumvi kupita kiasi hupandisha nguvu za damu na kuuchosha moyo. Tule chumvi ile ile ya kawaida, au pungufu yake, ila iwe chumvi iliyotiwa iodini.

Baada ya kueleza hayo, naomba niwape mashauri machache ya kufuata nyumbani.

Kwanza, ununuapo chumvi, tazama mfuko. Nunua ile iliyofungwa na kuandikwa ya kuwa ina iodini au madini joto. Ile imwagwayo chini sokoni na kupimwa kwa kikopo, au iletwayo kutoka vibwawa vidogo bila kupita kwa watiao iodini, pengine haina kitu. Rangi yake nyeupe haikuambii lolote, wala ulimi hauwezi kupambanua. Mabwana afya wanayo dawa ya kupimia: tone moja likidondoshwa juu ya chumvi yenye iodini, chumvi hugeuka rangi ya buluu. Wenye maduka wasichukie wakipimiwa, bali wafurahi.

Pili, itunze vizuri. Iodini hupotea kwa unyevu, kwa joto na kwa jua. Weka chumvi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mafiga. Usiioshe chumvi ili iwe nyeupe zaidi, kwa maana utakuwa umeikosha iodini, na kufanya nyumbani kwako kile mvua iliyokifanya mlimani.

Tatu, tia chumvi chakula kikaribiapo kuiva, si mwanzo wa kupika.

Nne, mtu asinywe ile iodini ya kupaka vidondani akidhani ataiponya rovu yake. Hiyo ni kali, na kipimo chake ni kikubwa mno. Iodini ikizidi nayo huidhuru tezi.

Tano, mwenye rovu asijifiche wala asijichanje. Aende dispensari au hospitali. Si rovu zote ziletwazo na ukosefu wa iodini. Ziko sababu nyingine, nayo tezi hii huwasumbua wanawake kuliko wanaume. Hasa aende upesi ikiwa uvimbe wakua kwa haraka, au ni mgumu, au sauti imekwaruza, au kumeza na kupumua kumekuwa kwa taabu. Rovu kubwa ya miaka mingi pengine haitatoweka kwa chumvi, lakini ziko dawa, na upo upasuaji. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Najua ya kwamba yatasemwa maneno mawili nikiondoka hapa. La kwanza ni hili: "Chumvi iliyotiwa dawa huharibu uzazi." Nimelisikia neno hili, nami nalijibu bila kificho. Ukweli ni kinyume chake. Ukosefu wa iodini ndio uharibuo mimba na kuwaua watoto tumboni. Nchi ya Uswisi imekula chumvi hiyo tangu mwaka 1922, na watu wake wamezaa wana na wajukuu na vitukuu.

Neno la pili ni la bei: "Chumvi ya mfuko ni ghali kuliko ya kikopo." Ndiyo, pengine ni ghali kidogo, na simlaumu mtu ahesabuye senti zake, kwa maana mimi nami nazihesabu. Lakini hesabu isiishie dukani. Mzazi huuza mbuzi ili alipe gharama za shule, hununua madaftari, hununua sare, naye hufanya hivyo kwa furaha. Je, si bora aulinde kwanza ubongo utakaoyatumia madaftari hayo? Chumvi ya mfuko mmoja humtosha mama kwa siku nyingi. Tofauti ya bei hiyo haizidi bei ya kikombe cha pombe kimoja au viwili.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa baraza mlifanye jambo hili kuwa la kijiji kizima, si la nyumba moja moja. Kama kila mnunuzi atamwuliza mwenye duka, "Chumvi hii ina iodini?" basi kabla ya mvua za mwaka ujao mwenye duka hataleta nyingine, kwa maana biashara humfuata mnunuzi. Nawaomba walimu wawafundishe watoto kusoma maandishi ya mfuko wa chumvi kama wanavyosoma kitabu. Nawaomba vijana wanaooa wajue ya kwamba kumtunza mtoto hakuanzi siku ya kuzaliwa kwake. Huanza katika chungu cha mama yake, kabla hata mimba haijajulikana.

Sisi tukaao milimani tumepewa hewa safi, maji mengi, na udongo wa kulima. Mvua iliyotupa hayo ndiyo iliyochukua iodini yetu. Hatuwezi kuizuia mvua, wala hatuwezi kuiita iodini irudi kutoka baharini. Lakini twaweza kuirudisha kwa mkono wetu, kwa chembe za chumvi, kila jioni chakula kiivapo.

Nimekwisha. Mwenye swali na aulize, na lile nitakaloshindwa tutamwuliza mganga wa dispensari pamoja.